Dakika za Mgeni ni Mali Yake

Nilipokuwa kijana Kate, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, aliyetaka kutuma barua pepe alisafiri hadi Sumbawanga mjini, akakaa kwenye kafe ya intaneti na kulipia dakika. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na Mkongo wa Taifa ukaanza kutandazwa kuelekea mikoani. Intaneti ikapungua bei, na wenye gesti Sumbawanga wakaanza kuitaka kwa ajili ya wanunuzi wa mahindi na maharage na watumishi waliokuja semina. Mimi nikapata kazi ya kuwaandikia programu.

Kifaa cha kugawa intaneti kilikuwa ruta ya MikroTik, kampuni ya Latvia. Mgeni alipofungua ukurasa wowote, ruta ilimzuia na kumletea ukurasa wa kuingiza namba ya vocha. Programu yangu ilikaa mapokezi: ilizalisha namba, ikachapa vocha, ikahesabu mauzo ya siku.

Adui mkubwa alikuwa umeme. Ruta nyingi ndogo hazina betri ya kutunza saa. Zikizimika na kuwaka, huamini kwamba ni Januari 1970 mpaka zipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Vocha inayokwisha kwa tarehe hapo huvurugika kabisa. Mama mmoja mwenye gesti aliniambia, “Mwanangu, mgeni akilala gizani halafu na dakika zake zikaliwa, kwangu harudi tena.” Kuanzia hapo programu ilihesabu dakika ambazo mgeni alikuwa hewani kwelikweli, na salio likahifadhiwa kwenye kompyuta ya mapokezi kila baada ya muda mfupi. Umeme uliporudi, aliendelea alipoishia.

Kisha dunia ikabadilika. Tovuti zilipohamia HTTPS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa, ruta haikuweza tena kumgeuza mgeni njiani bila simu kutoa onyo la hatari. Ikabidi tuzitegemee simu zenyewe zigundue ukurasa wa kuingilia na kuufungua. Ilipotoka Android 10 mwaka 2019, na iOS 14 mwaka uliofuata, simu zilianza kuficha anwani zao halisi za Wi-Fi (MAC) na kutumia za kubuni. Vocha iliyofungwa kwenye anwani ya simu ikaweza kumkataa mwenye vocha. Tukaifunga kwenye namba aliyonunua mgeni, awe na simu yoyote ile. Malipo nayo yakahamia M-Pesa na wenzake, na karatasi zikaanza kutoweka mapokezi.

Tayari mwaka 2015 kampuni ya simu ya Halotel ilikuwa imeingia nchini na kupeleka minara hadi vijijini. Siku hizi mgeni huja na bando lake mfukoni, na gesti nyingi zimeiweka intaneti ndani ya bei ya chumba. Kazi ya programu sasa ni kugawa kasi, ili anayepakua filamu asimkwamishe jirani anayetuma ripoti ofisini.

Vijana wa Rukwa mnaoandika programu leo, vifaa mtakavyovikuta vitabadilika tena. Kabla ya kupanga namna ya kukusanya fedha, pangeni namna ya kulinda alicholipia mteja, hata umeme ukikatika. Mfumo unaokula dakika za mgeni unamwibia, na mwenye gesti hapaswi kuununua.