Kila Mtu Hosteli ni Daktari wa Unene Wangu

Nina kifafa. Nimelitanguliza hilo kwa sababu bila hilo habari hii haieleweki. Tangu mwaka wa kwanza natumia sodiamu valproeti asubuhi na usiku, na tangu hapo sijaanguka hata mara moja. Ila dawa hii ina tabia yake inayojulikana: kwa watu wengi huongeza njaa na uzito. Kwangu imeongeza kilo 11 ndani ya miezi 10. Suruali nilizokuja nazo chuoni nimeshazigawa zote.

Sasa ukinenepa chuoni, kila mtu anakuwa daktari wako. "Aisee, boom lote unakula wewe?" ndiyo salamu. Baada ya salamu, ushauri. Mmoja aliniambia niache dawa mwezi mmoja tu, nikipungua nirudi. Wa pili ana chai ya kukata tumbo. Wa tatu anauza vidonge vya kupunguza mwili, viko kwenye kimfuko cha nailoni, havina jina wala tarehe, na bei ni ya kishkaji. Wote wananitakia mema. Lakini hakuna aliyeniuliza natumia dawa gani nyingine.

Nilichukua paketi ya chai na kile kimfuko, nikaenda duka la dawa. "Dokta, hivi naweza kuchanganya na valproeti?" Yule dada mfamasia hakujibu haraka. "Mdogo wangu, kwanza nitajie kila unachomeza. Hata panadoli, hata mitishamba."

Akanichambulia kimoja kimoja. Chai ile ina sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo kinachopungua ni maji na chumvi za mwili, si mafuta. Na kwa dada zetu, ukiharisha sana, hata kidonge cha uzazi wa mpango kinaweza kushindwa kufanya kazi.

Vidonge visivyo na jina vilimtisha zaidi. Dawa za kupunguza mwili za mtaani zimekutwa mara nyingi na sibutramini ndani yake bila kuandikwa. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Inaweza kupandisha presha, na ni hatari ukiichanganya na baadhi ya dawa za sonona. Hata olistati, dawa halali inayozuia karibu theluthi moja ya mafuta ya chakula yasifyonzwe, inaweza kupunguza ufyonzwaji wa dawa za kifafa. Mtu akaanguka huku kidonge chake amemeza vizuri tu.

Na kuhusu kuacha dawa ghafla, alisema kwa kifupi: unaweza kupata degedege lisilokatika, na hilo huua.

Kliniki daktari hakunicheka. Alisema zipo dawa za kifafa zisizonenepesha, ila kubadilisha hufanywa taratibu, moja ikishuka huku nyingine ikipanda, chini ya uangalizi. Tulikubaliana tuanze na chakula kwanza: soda nimeacha, ugali nusu na mboga za majani mara mbili, na bajaji ya kwenda darasani nimeifanya miguu. Milo siruki na usiku sikeshi, maana kukosa usingizi nako huamsha kifafa.

Nilichojifunza ni hiki: daktari anajua alichoniandikia, mshkaji anajua anachouza, lakini anayejua vyote vinavyoingia tumboni mwangu ni mimi peke yangu. Kwa hiyo orodha naitunza kwenye simu, jina na kiasi cha kila dawa, na naionyesha kabla ya kupokea kitu kipya, iwe ni aspirini tu, ambayo nayo inaweza kupandisha valproeti kwenye damu. Wewe unayetumia dawa za presha, pumu, kisukari, sonona au ARV, fanya hivyohivyo. Duka la dawa halikutozi kwa kuuliza.

Muhula huu nimepungua kilo 3. Kidogo, najua. Lakini mitihani nimeifanya yote nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.