Iliki ya Derema

Mtu wa Pemba avukapo kwenda Tanga hahesabu kuwa amekwenda ugenini. Ng'ambo ile ana shangazi, ana shemeji, ana kaburi la babu, na pengine ana deni. Mwalimu, ambaye alisomesha Kiswahili Wete kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, alivuka kwa ajili ya harusi ya binti wa dada yake. Harusi ilipokwisha na pilau kusalia kwenye masufuria, alijikuta na siku nzima mkononi isiyo na kazi, jambo ambalo humtia unyonge kila mtu aliyewahi kuishi kwa kengele ya skuli.

"Shemeji," aliambiwa na mwenyeji wake wa Muheza, "masikio yako yamejaa ngoma. Twende Amani ukapumue."

Wakaondoka alfajiri kwa gari ya kukodi. Muheza ni mji wa machungwa, na hata saa ile ya umande mafungu yalikwisha pangwa kando ya barabara, machungwa yenye ngozi ya kijani ambayo mgeni huyadhania mabichi hadi ayaonje. Lami ikaachwa nyuma, gari ikaanza kuyumba, na baada ya mwendo wakaingia katika misaji ya Longuza. Miti ile imepandwa kwa mistari, shina nyuma ya shina, yote ya kimo kimoja, na majani yake mapana hulia yakikanyagwa kama karatasi.

"Hili shairi la kimapokeo," Mwalimu alisema. "Vina vyake vimetimia, mizani haikupungua hata moja."

Shemeji, ambaye si mtu wa mashairi, aliuliza msitu wa juu utakuwa nini basi. Mwalimu akajibu kwamba huo, kwa alivyosikia, ni guni. Katika ule ugomvi wa miaka ya 1970, *Kichomi* ya Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, Mwalimu alikuwa kijana na alisimama upande wa vina bila ya kutetereka. Hajahama hata leo, ingawa husema kwamba umri umempunguzia sauti.

Sigi ndiko kwenye lango. Hapo pana nyumba ya mbao ya zama za Wajerumani, iliyokuwa stesheni ya reli ndogo iliyopanda kutoka Tengeni. Reli haipo tena, na nyumba inawapokea wageni. Kijana aliyepewa kuwaongoza aliwaamkia "shikamooni", akampa Mwalimu fimbo bila ya kuombwa, heshima ambayo Mwalimu aliipokea kwa moyo mzito kidogo.

Basi wakaingia. Wenye kuijua Ngezi ya Pemba wanaweza kukisia ubaridi ule unaomshukia mtu mabegani pindi jua linapofungiwa nje, lakini Ngezi ni tambarare, na Amani ni mlima. Njia hupanda na kujipinda, maji husikika kabla ya kuonekana, na mizizi ya miti mikubwa imesimama kama kuta za chumba ambacho mwenyewe hakukiezeka. Kijana alitaja miti kwa majina: huu mvule, huu msambu ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, ule mrefu wenye shina jeupe ni musizi. Huu wa mwisho aliutaja kwa sauti ya mtu anayemtaja jirani mkorofi. Musizi si wa hapa. Uliletwa na kupandwa, hondohondo wakayapenda matunda yake, wakaenda wakizitapanya mbegu, na sasa kila penye mwanya wa jua umekwisha jichomekea.

Wajerumani walianzisha chuo chao cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, wakakusanya miti kutoka pande zote za dunia ili kuona upi utalipa. Vita vya Kwanza vilipowafungia njia ya bahari, huko huko Amani ndiko walikotengeneza kwinini ya askari wao. Kisha walikuja Waingereza na wao wakaendelea. Hifadhi ya mazingira asilia yenyewe ilitangazwa mwaka 1997. Mwalimu alisikiliza yote hayo kwa adabu, lakini alichokitaka ni ua.

Alikuwa amesoma habari zake zamani. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua dogo la rangi ya zambarau na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake, *Saintpaulia*, na tangu hapo limejaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, kwa watu wasioweza kuionesha Tanga kwenye ramani. Mwaka 2015 wataalamu waliliondolea jina hilo la ukoo na kuliingiza katika jamii nyingine ya maua. Kwa hiyo limechukuliwa, limepewa jina, limevuliwa jina, na lenyewe lingali mahali pake.

Lilikuwa kwenye jabali lililotota, karibu na kijito, halizidi upana wa kiganja. Majani yake yana manyoya laini kama sikio la mbuzi mchanga. Mwalimu aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alikaa hapo muda mrefu kuliko shemeji alivyotarajia. Hakusema shairi lolote, na hilo ni jambo la kusifiwa kwa mtu wa kazi yake.

Mchana waliteremka kijijini kutafuta chakula. Mama mmoja aliyekuwa akipika chini ya kipaa cha makuti aliwakaribisha kwenye benchi. Palikuwa na bada, ule ugali wa unga wa makopa ambao watu wa Tanga huutetea kama wengine wanavyoutetea ukoo. Palikuwa na kisamvu kilichotwangwa kikalainika na kupikwa kwa tui zito. Na papa mkavu aliyechemshwa kwanza kupunguzwa chumvi, ndipo akarudishwa jikoni kwa nazi, ndimu na pilipili. Mwalimu alikula kwa mkono, polepole, akamega bada, akaibonyeza kwa dole gumba, akachota. Papa yule alimrejesha kwao. Kisamvu hakikumrejesha popote, kilikuwa kizuri kwa nafsi yake.

Kisha ikaja chai. Ilitiwa iliki iliyopondwa pamoja na maganda yake, kwa wingi usiojulikana mijini, ambako punje tatu hupewa birika zima. Mwalimu alinusa, akanywa, akasifu.

"Iliki ya wapi hii, mama?"

"Ya kununua, Mwalimu. Zamani ilikuwa yangu."

Alisema hivyo huku akigeuza kuni, na ingeweza kuishia hapo. Lakini Mwalimu aliuliza, na mama akaeleza. Shamba lake lilikuwa Derema. Iliki haitaki jua kali. Hupandwa chini ya miti mikubwa, na mkulima huisafisha ardhi ya chini na kuiacha miti ya juu. Wataalamu wana hoja yao, na si hoja ya uongo: pale chini panaposafishwa, miche ya msitu haioti, na mikubwa ikianguka haina wa kuirithi. Derema ilikuwa baina ya misitu miwili, ikatakiwa iwe ushoroba wa kuiunganisha. Katika miaka ya 2000 mashamba yakapimwa, mazao yakahesabiwa, fidia ikalipwa, na wakulima wakatoka.

"Nililipwa," alisema mama. "Sisemi sikulipwa. Walihesabu mashina. Lakini shina la iliki unalihesabu mara moja, na mie nilikuwa nikilichuma kila mwaka."

"Sasa pakoje huko?" shemeji aliuliza.

"Pazuri. Nyinyi si mmetoka kutembea msituni? Basi hivyo hivyo."

Hakusema kwa kebehi. Alimwongeza Mwalimu chai.

Shemeji aliona mwenzake amenyamaza, akadhani ni shibe. Haikuwa shibe. Mwalimu alikuwa na miaka minane baba yake alipopewa eka tatu, katika ule ugawaji wa ardhi uliofuata Mapinduzi ya 1964. Eka zile zilikuwa na mikarafuu iliyokwisha kukomaa, na mikarafuu hiyo ilikuwa na mwenyewe. Nyumbani walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwani baba alikuwa amechuma karafuu za watu tangu utoto wake bila ya kumiliki hata tawi. Ila mke wa yule mwenye shamba alikuwa bado akipita njia ile kwenda kisimani. Hakutukana, hakulia. Msimu wa kwanza alisimama, akaitazama miti, akamuuliza mtoto aliyekuwa juu ya mkarafuu: "Mmeshaupalilia ule wa pembeni?" Kisha akaenda zake na ndoo yake. Karafuu za eka tatu zile ndizo zilizonunua sare na madaftari, ndizo zilizomfikisha Mwalimu kwenye chuo cha ualimu, na habari hii hajapata kuiandika wala kuisimulia darasani, ingawa ametunga tenzi juu ya mambo madogo zaidi.

Alimaliza chai. Shemeji alilipa chakula kabla hajawahiwa, wakabishana kidogo kama ilivyo ada. Mwalimu akaomba anunue iliki, robo kilo, apeleke Pemba.

"Hii ya dukani?" mama alishangaa. "Si utaipata huko Tanga mjini, kwa bei hii hii?"

"Najua. Nipimie wewe."

Mama akatafuta mizani, akaikosa, akapima kwa kikombe. Alijaza, akaongeza juu yake konzi moja, akafunga kwenye gazeti. Gari ilikuwa imekwisha washwa. Mwalimu alipanda akiwa amelishika furushi lile mkononi, hakulitia mkobani, na harufu yake ikawafuata kuteremka mlima, kupita stesheni isiyo na reli, hadi kwenye misaji iliyopangwa mistari, ambako shemeji alifungua kioo.