Majina yaliyokatika chini ya orodha

Butembo – Orodha ya watoto wanaotafutwa na wazazi wao ilikuwa na majina 12. Kwenye kompyuta ya redio yote yalionekana. Kwenye simu ya mama mmoja muhami, aliyetoka upande wa Oicha, yalionekana 9 tu. "Mwanangu, jina la mtoto wangu mulilisoma jana kwa redio, lakini humu ndani haliko," akamwambia kijana fundi wa redio. Fundi alidhani mama hajui kuteremsha ukurasa. Akaomba simu, akateremsha mwenyewe mpaka mwisho. Ni kweli, jina halikuwamo.

Ndugu msomaji, ukurasa wa intaneti una mambo mawili: maneno yenyewe, na maagizo ya namna maneno hayo yatakavyopangwa. Maagizo hayo huitwa CSS. Ndiyo yanayosema safu iwe na upana gani, herufi ziwe kubwa kiasi gani, rangi iwe ipi. Håkon Wium Lie aliyapendekeza mwaka 1994, na kanuni yake ya kwanza ikatoka Desemba 1996. Lakini anayetekeleza maagizo ni brauza, yaani ile programu ya kufungulia kurasa, kama Chrome, Firefox au Opera Mini. Barua ni moja, wasomaji ni wengi, na kila mmoja ana macho yake.

Ilimchukua fundi siku mbili kupata chanzo, kwa sababu alikuwa akitafuta kosa kwenye majina. Kosa lilikuwa kwenye sanduku. Aliyetengeneza ukurasa zamani aliipa orodha urefu wa pikseli 300, kisha akaagiza kwamba kinachozidi hapo kifichwe. Kwenye kompyuta kila jina lilikula pikseli 24, kwa hiyo majina 12 yalienea. Mama yule alikuwa amekuza herufi za simu yake, maana macho yamechoka. Herufi zikakua, sanduku likabaki vilevile, na majina 3 ya mwisho yakafichwa bila alama yoyote. Hilo ndilo baya lake. Maneno yakipandana, mtu anaona na kulalamika. Jina likifichwa, mzazi anaondoka akijua kwamba mtoto wake hatafutwi na mtu.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: kuondoa height na kuweka min-height, ili sanduku liwe na kimo cha chini lakini liweze kurefuka.

Hapo fundi akaanza kutilia shaka ukurasa mzima. Akaenda kwenye kibanda cha kuchajia simu, akawaomba wenye simu wamruhusu kufungua ukurasa kwa dakika moja moja, akiwarudishia mega walizotumia. Kuna njia ya kuifanya Chrome ya kompyuta ijifanye simu ndogo, na inasaidia, lakini inabaki kuwa Chrome. Haikuonyeshi makosa ya brauza nyingine.

Kwenye simu nyingi safu ya matangazo, iliyopaswa kukaa kando ya orodha, ilikuwa imeangukia chini. Hesabu yake ni hii. Kila safu ilipewa upana wa asilimia 48, na ndani yake nafasi ya pikseli 10 kila upande. Kwenye kioo cha pikseli 1200, safu moja inakuwa 576, ukiongeza 20 ni 596, na mbili ni 1192. Zinaenea. Kwenye simu ya pikseli 360, safu moja inakuwa karibu 173, ukiongeza 20 ni 193, na mbili ni 386. Hazienei tena.

Ugomvi wa namna hiyo ni wa zamani. Kanuni ya CSS ilisema upana ni wa maneno tu, na nafasi ya pembeni inaongezwa juu yake. Internet Explorer 5 ilihesabu yote pamoja, na watengenezaji wa kurasa wakahangaika kwa miaka kutafuta ujanja wa kuzipatanisha brauza. Baadaye CSS yenyewe ikaleta agizo la box-sizing, linalokuachia uchague. Ukiandika border-box, asilimia 48 inakuwa 48 kweli, nafasi ya ndani ikiwemo. Kwa kweli hesabu ya Internet Explorer ilikuwa na akili kuliko ile ya kanuni, ingawa brauza ile ilisumbua watu kwa mengine mengi.

Simu iliyomtoa jasho zaidi ni ile ndogo ya vitufe yenye KaiOS. Kioo chake ni pikseli 240 kwa upana, na brauza ya KaiOS 2.5 imejengwa juu ya Firefox 48, ya mwaka 2016. Mpango wa safu uitwao grid uliingia Firefox 52, mwaka 2017, kwa hiyo simu hiyo haiujui. Lakini CSS ina tabia moja nzuri: brauza ikikuta agizo isilolielewa, inaliruka na kuendelea na mengine. Fundi akaandika kwanza mpango wa kawaida kabisa, safu moja kutoka juu hadi chini. Kisha akaweka grid kwa vioo vya kuanzia pikseli 600 tu. Anwani ndefu za intaneti, ambazo zilisukuma ukurasa nje ya kioo, alizikata kwa overflow-wrap. Kwenye KaiOS haikufanya kazi. Firefox 48 inalijua agizo hilo kwa jina lake la zamani, word-wrap, basi akaandika majina yote mawili, moja chini ya lingine.

Opera Mini haikumsumbua sana. Ukurasa wake unapitia kwanza kwenye seva za kampuni, unabanwa, ndipo unafika kwenye simu ukiwa mwepesi. Herufi za mapambo hazifiki. Wahami wengi wanaitumia kwa sababu mega ni ghali, na hakuna aliyeuliza herufi zile zimekwenda wapi.

Aliyeuliza ni mkuu wa redio. Kwenye simu yake ukurasa sasa ulikuwa mweupe, safu moja, bila ile picha kubwa ya juu. Wakapatana: picha inabaki kwa wenye kompyuta. Kwenye simu, kitu cha kwanza mtu anachokikuta ni orodha, na juu yake idadi ya majina imeandikwa kwa tarakimu, ili msomaji aweze kuhesabu mwenyewe kama yote yamefika.