Injini Inapochemsha Njia ya Sanya Juu

Njia itokayo Boma Ng'ombe kwenda Sanya Juu hupanda kwa hila, hata msafiri aliyeketi ndani ya basi akadhani angali katika tambarare. Lakini pikipiki iliyobeba watu wawili na mizigo, tena upepo ukivuma kutoka nyuma, hung'amua mapema kuwa mlima umekwisha kuanza.

Katika miaka ya 1980 pikipiki tulizozizoea huku kwetu zilikuwa za mabwana shamba na mapadri, na miongoni mwazo Yamaha DT 125, ambayo injini yake ilipozwa na upepo tu, upitao baina ya mapezi ya silinda. Ikichemsha, haikuwa na mshale wala taa ya kumhadharisha mpandaji, illa nguvu hupungua, mlio ukawa mkavu, na harufu ya oili iliyoungua ikampanda puani. Fundi mmoja mzee, ambaye nilipenda kumtazama akifanya kazi karibu na soko, hakuwa na haraka ya kushika spana. Kwanza aliuliza, "Mwanangu, umetokea wapi, umepanda na gia gani, na umebeba nini?" kwa kuwa aliamini, na nadhani kwa haki, kwamba joto jingi la injini hutokana na tabia ya mwendeshaji. Ndipo alipochungua mapezi, asije akakuta yamezibwa na tope la Ngarenairobi, ambalo likikauka hushika kama saruji. Kisha akafungua plagi na kuigeuzageuza juani. Rangi ya kahawia ilimridhisha. Nyeusi ilimjulisha kuwa petroli imezidi hewa. Bali nyeupe ndiyo iliyomtia hofu, maana ni dalili ya hewa kuzidi petroli na pistoni kuungua. Na kwa kuwa hewa ya mlimani ni hafifu, plagi huku kwetu hupaswa kuelekea weusi, hivyo weupe ulikuwa ithibati maradufu. Hapo alishuku mpira uunganishao kabureta na silinda, akaudondoshea maji ya sabuni injini ikinguruma, na mlio ukibadilika, ufa umekwisha kupatikana.

Baadaye zikaja pikipiki za wasafiri wa mbali, wauzungukao mlima kwa njia ya Kamwanga, Tarakea na Himo. BMW R 80 G/S ya mwaka 1980 ilikuwa ingali ya upepo, silinda zake mbili zimetokeza kando; lakini Honda Africa Twin, iliyotoka mwaka 1988, ilipozwa kwa maji, na mwaka 2013 BMW GS nayo ikaingizwa maji. Elimu ikageuka: si plagi tena iliyotangulia, bali rejeta na kifuniko chake, thamostati, pampu na feni. Ikichemsha katika mwendo wa pole tu, hushukiwa feni, fyuzi au swichi yake. Ikichemsha hata katika mwendo wa kasi, rejeta imeziba au thamostati haifunguki. Na mapovu yakitoka majini bila kukoma, gasketi ya silinda hedi imeungua. Kifuniko chenye mpira uliochakaa, ambacho Tanga kisingeleta taabu kubwa, kwenye mwinuko wa Londorossi, unaozidi mita 2,000, ambako maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, chatosha kuyamwaga maji yote barabarani.

Leo vijana wa gereji huchomeka kompyuta ndogo, wakasoma joto kwa tarakimu na hitilafu kwa namba, wala siwabezi, kwani kazi iliyokula asubuhi nzima sasa hukamilika upesi. Kinachonikera ni kuona tarakimu ikiaminiwa peke yake. Kipimo cha joto hupima maji yanayokigusa. Maji yakimwagika, kikabaki katika mvuke au hewa tupu, chaweza kuonyesha joto la kawaida ilhali silinda hedi inaungua, naye mpandaji akaendelea kwa amani hadi injini inoki. Kwa hiyo mtu anayetoka Sanya Juu kuelekea Ngarenairobi, hata chombo chake kikiwa kipya namna gani, na aliangalie kwanza tundu dogo lililo chini ya pampu, kama lina matone, kisha afungue kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, kwani ikiwa ya moto mvuke utambabua uso, ayaone maji kwa macho yake mwenyewe.