Kibuyu, Kopo na Dirisha: Somo la Mwanga Huko Mtera

Katika safari zetu za kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha, tulifika kwenye shule moja ya msingi karibu na Mtera, mahali ambapo Mto Ruaha Mkuu umezuiwa kwa bwawa na ambapo mitambo ya umeme ya megawati 80 ilianza kazi mwaka 1988. Darasa tulilolikuta halikuwa na taa. Lilikuwa na dirisha moja dogo tu lililokuwa wazi, mengine yakiwa yamezibwa kwa matofali ili kuzuia vumbi la kiangazi.

Mwanachuo wetu alikuwa akifundisha asilimia katika Darasa la Sita. Jioni alitujia kwa haya kidogo, akasema kwamba mtoto mmoja aliyetazama filamu ya katuni katika kibanda cha video amemwuliza: kompyuta hujuaje kivuli kiwekwe wapi? Tulimjibu kwamba swali hilo na asilimia zake ni somo moja.

Picha ya kompyuta imeundwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Ili kujua nukta moja ing'ae kiasi gani, kompyuta huanzia mahali panapotazamwa, ikauliza kila upande: kutoka kwako unakuja mwanga kiasi gani? Pande hazina idadi, tena upande wenyewe huenda ukawa ukuta ulioazima mwanga wake kwa ukuta mwingine. James Kajiya wa Marekani aliiweka hesabu hiyo katika mlinganyo mmoja mwaka 1986. Kuuliza pande zote haiwezekani. Kwa hiyo huchaguliwa chache kwa bahati nasibu, na wastani wake ndio unaokuwa jibu. Hiyo ndiyo sampuli.

Asubuhi tulichagua dawati la katikati, tukachora kwenye karatasi kila kitu kinachoonekana kutoka hapo, na kuigawa karatasi katika miraba 100. Dirisha lilichukua miraba 4. (Mwale unaoshuka wima una nguvu kuliko ule wa mshazari, lakini jambo hilo tuliliacha kwa makusudi, wakati wake utafika.) Vijikaratasi 100 vyenye namba vilitiwa katika kibuyu. Kila kikundi kilichota mara 10, kikikirudisha kijikaratasi baada ya kukisoma, na kuhesabu ni mara ngapi kimepata dirisha.

Kati ya vikundi tisa, sita havikupata dirisha hata mara moja. Viwili vilipata mara moja moja, na kimoja mara mbili. Kwa hiyo kikundi kimoja kilitangaza kwamba mwanga ni asilimia 20, na jirani zao kwamba ni giza tupu, ilhali dawati ni lile lile. Watoto walicheka. Tuliwaambia kwamba hivyo ndivyo picha ya kompyuta inavyoingiwa na chenga, kama za runinga isiyoshika vizuri: pikseli moja imebahatika, ya pili imekosa. Mmoja akasema tuchote zaidi. Ni kweli, lakini ili kupunguza chenga kwa nusu hapana budi kuchota mara nne zaidi, na kengele ya mapumziko haingoji.

Siku ya pili sisi wenyewe tulikosea. Tulitia katika kopo namba nne za dirisha peke yake, tukasema: kwa nini tuuulize ukuta, nasi twajua mwanga unatoka wapi? Kila kikundi kilipata 10 kwa 10. Tukaandika ubaoni kwa fahari kwamba darasa lina mwanga wa kutosha. Ndipo msichana mmoja wa pembeni, nyuma kabisa, akasimama.

“Shikamoo, Mwalimu. Sisi huku hatuoni ubao.”

Tulikwenda kuketi mahali pake. Nguzo ililificha dirisha lote. Mwanga wote uliolifikia dawati lile ulikuwa umepiga kwanza ukuta wa chokaa uliokuwa ng'ambo. Kopo letu lisingeweza kuuona mwanga huo kamwe, hata tungechota mwaka mzima. Na ile asilimia 100 haikutoka darasani. Ilitoka katika uchaguzi wetu.

Siku ya tatu tulivitumia vyombo vyote viwili. Kila mtoto alirusha sarafu: kichwa, achote katika kopo, mwenge, achote katika kibuyu. Katika mirusho 100 twatazamia 50 za kopo, zote dirisha, na 50 za kibuyu, ambazo 2 kati yake ni dirisha. Jumla 52, ambapo kibuyu peke yake kingetoa 4. Dirisha limeulizwa mara 13 ya haki yake. Basi kila jibu lake lihesabiwe kuwa sehemu moja ya kumi na tatu, na 52 kwa 13 ni 4. Miraba mingine, iliyoulizwa nusu tu ya haki yake, kila jibu lake lihesabiwe mara mbili: 48 mara 2 ni 96. Mwanachuo wetu alilirudia jumlisho hilo mara tatu, akitabasamu. Njia ya namna hii ya kuchanganya machaguo kwa uzito ilielezwa na Eric Veach na Leonidas Guibas wa Stanford mwaka 1995, na hata sasa hutumika sana. Mwaka 2020 Benedikt Bitterli na wenzake walionyesha jinsi pikseli jirani zinavyoweza kuazimana sampuli zilizobahatika. Watoto walikuwa wamekwisha kujaribu hilo kwa kuchungulia daftari za wenzao.

Usiku ule tulifungua daftari letu la ukaguzi. Tulikuwa tumeandika kwamba darasa limeelewa asilimia vizuri sana, kwa kuwa maswali ya mwanachuo yalijibiwa yote. Tukamwuliza yalijibiwa na nani. Alifikiri kidogo, akawataja watoto watano, wote wa madawati ya karibu na dirisha. Sisi tuliketi nyuma kipindi kizima na hatukuliona jambo hilo. Tulilikata sharti lile kwa wino mwekundu, na asubuhi majina ya wanafunzi wote yakatiwa katika kibuyu.

Dawati la nyuma ya nguzo lilihamishwa siku hiyo hiyo. Jina la tatu kuchotwa lilikuwa la msichana yule. Hakujua asilimia 4 ya 50, na kipindi kilianza upya kutoka hapo.