Chinook: Joto Linaloshuka Mlimani

Tulitoka Calgary alfajiri, baridi ikiwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Shemeji alikuwa akipeleka vipuri Pincher Creek, kusini mwa Alberta, nami nikaomba kufuatana naye ili niione Milima ya Rocky kwa karibu. Tulipopita Nanton kumeshapambazuka, akaninyooshea kidole upande wa magharibi. Wingu la kijivu lilikuwa limetanda juu yetu, ila ukingo wake ulipinda kama tao la mlango wa msikiti, na chini yake, juu ya vilele, ukabaki ukanda wa anga ya buluu.

"Chinook hiyo, shemeji. Leo utavua koti."

Baada ya Fort Macleod tukakunja kuelekea magharibi, upepo ukatupiga usoni. Gari liliyumba, naye akapunguza mwendo; njia hiyo upepo hupindua hata malori. Adhuhuri, Pincher Creek, joto lilikuwa nyuzi 9 juu ya sifuri. Watu walitembea na fulana mwezi wa Januari! Kilichonishangaza zaidi ni theluji: ilipungua mbele ya macho yangu, lakini matope yalikuwa machache. Upepo ni mkavu mno, kiasi kwamba sehemu ya theluji hugeuka mvuke bila kupitia hali ya maji.

Joto hilo halitoki jangwani. Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Pasifiki hupanda milima, hupoa, na kumwaga mvua na theluji upande wa British Columbia. Mvuke unapogeuka maji huachia joto, kwa hiyo hewa hupoa polepole ikipanda. Ikishuka upande wa pili imeshakauka, hupata joto kwa kasi zaidi, karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000. Mimi niliyekulia Same sikuhitaji mchoro. Milima ya Upare hutunyima mvua za Bahari ya Hindi kwa namna hiyohiyo; tofauti ni kwamba kwetu hakuna theluji ya kuyeyusha.

Upepo huu wa Chinook una rekodi za kutisha. Tarehe 22 Januari 1943, mjini Spearfish, Dakota Kusini, joto lilipanda kutoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi 7 juu yake kwa dakika 2. Baadaye asubuhi hiyohiyo likaporomoka tena, na vioo vya madirisha vikapasuka.

Wenyeji huifurahia Chinook, na ng'ombe hupata nyasi zilizofunikwa. Lakini nadhani huisifu kupita kiasi. Misonobari hupoteza maji kupitia majani wakati mizizi yake imeshikwa na ardhi iliyoganda, na mistari ya miti iliyobadilika rangi kuwa nyekundu huonekana miteremkoni. Mwaka 2000 watafiti wa Calgary walichapisha kwamba baadhi ya wagonjwa wa kipandauso huumwa zaidi siku za Chinook au siku inayotangulia.

Ukipata safari ya Alberta majira hayo, furahia joto lakini usiache koti zito nyumbani: baridi huweza kurudi kabla ya jua kuzama. Na ukifika Pincher Creek, shika mlango wa gari kwa mikono miwili kabla ya kuufungua.