Kisanduku Ambacho Sikukiweka

Dodoso langu la shahada ya uzamili lilikuwa na swali moja kuu: "Kwa nini ulichagua lugha hii ya programu?" Chini yake kulikuwa na visanduku vitano vya kuweka tiki.

Makambako, kijana mwenye stesheneri anayetengeneza mifumo ya maduka kwa PHP aliweka tiki kwenye "ni rahisi kujifunza". Nikamshukuru. Nilipokuwa nakunja karatasi, akasema: "Dada, kusema kweli sikuchagua. Kaka aliyenifundisha alikuwa na masomo ya PHP kwenye flashi. Bando lilikuwa ghali."

Usiku ule, nyumbani Igwachanya, nilipitia majibu yote. Yalikuwa safi mno. Leo Meyerovich na Ariel Rabkin, katika utafiti wao wa 2013, waliona kwamba maktaba za msimbo huria, msimbo uliokwisha kuandikwa na uzoefu huwaongoza watu kuliko sifa za lugha yenyewe. Niliwanukuu kwenye pendekezo langu, kisha nikauliza kana kwamba kila mtu aliingia sokoni akachagua. Na walioacha njiani, dodoso halikuwafikia kabisa.

Nami je? Nilijifunza Java kwa sababu DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika nchini, umeandikwa kwa Java, na nilitaka ajira. Kwenye dodoso la majaribio nilijijazia: "ina uwezo mkubwa".

Nilirudi Makambako bila visanduku.

"Siku unaanza, ulikuwa na nini?" nikamwuliza.

Akazima mashine ya fotokopi, akavuta kiti.